Mfuko Nyuma ya Mlango

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya wageni, Inspekta hakuniangalia usoni. Aliangalia viatu vyangu, vyeusi, vya kuazima kwa shemeji, akauliza kama nina vingine. "Hivi vitaisha juu ya mawe ya Goma mbele ya mwezi kuisha," alisema. Nilidhani kazi ya uhamiaji ni kukaa kitini na kugonga kashe, yaani muhuri, kwenye pasipoti. Miaka miwili ya mwanzo ilikuwa hivyo kweli, mpakani, chini ya mkuu wa kituo aliyekuwa mkali hata kwa nzi. Kisha Inspekta akaniita kwenye kitengo cha ndoa, na hapo nikaelewa kwa nini alijali viatu.

Ninyi vijana mnaotaka kila karatasi ipite kwenye simu, nitawaeleza ilivyokuwa. Mkongomani akioa nje na kutaka kuishi hapa na mwenzake, alifungua dosye, yaani faili. Ndani aliweka akti, yaani hati, ya ndoa, cheti cha tabia njema kutoka nchi ya mkewe, barua ya wazee waliopokea mahari, na picha. Karatasi zote hizo zinaweza kutengenezwa. Kwa hiyo kabla ya visa ya makazi kutolewa, mtu mmoja alitumwa nyumbani kwao bila taarifa, aone kama ni mke na mume au ni mchezo. Mtu huyo nilikuwa mimi.

"Mutu anaweza kukudanganya," Inspekta aliniambia tulipotoka pamoja mara ya kwanza. "Nyumba haiwezi. Hesabu ndala mulangoni. Angalia beseni. Uliza chumvi iko wapi, uone nani anajibu."

Nilijifunza haraka na, niseme ukweli, nilijivuna. Nikikuta kamba nzima ya nguo za kike, zote mpya, nilijua zimeanikwa kwa ajili yangu. Mume asiyejua kama mkewe anatia sukari kwenye chai alikuwa na siku mbaya. Jioni nilimsimulia mke wangu, Mama Vumilia, naye alicheka mpaka akaweka chini kisu cha kukatia lengalenga, mchicha wetu. Wakati huo sisi wawili tulikuwa na mengi ya kucheka.

Ndipo ikaja dosye ya Kasereka. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa Butembo, amepanga nyumba ya mbao kule mtaa wa Mapendo. Mkewe, Biira, alimuoa ng'ambo, Kasese, upande wa Uganda. Lugha za watu wa pande hizo mbili zinakaribiana sana, kwa hiyo kuwasikiliza wakisemeshana kusingenisaidia kitu. Nilibaki na nyumba tu.

Nilifika asubuhi, Kasereka akiwa safarini. Biira alinifungulia, akaniita papa, yaani baba, akanipa kiti. Ndala mlangoni zilikuwa jozi mbili, sawa. Lakini chumbani, kwenye kamba, zilining'inia suruali na mashati tu. Nguo zake zote zilikuwa ndani ya mfuko mmoja wa safari, umefungwa vizuri, umewekwa nyuma ya mlango.

"Uko na miezi mine hapa," nilimwambia, "na bado haujatoa nguo mu mufuko?"

Alitazama chini. "Bwana yangu alisema ikae vile, papa."

Sikuuliza kwa nini. Nilirudi ofisini nikaandika kwamba mke haishi pale, ameletwa kuonyeshwa tu, ndoa ni ya karatasi. Inspekta akasaini. Biira akapewa siku nane za kutoka nchini, na akatoka.

Jioni ile nilimsimulia Mama Vumilia hadithi ya mfuko, nikingoja acheke. Hakucheka.

"Na yangu iko wapi?" aliuliza.

Sikumwelewa.

"Mufuko yangu, papa Vumilia. Iko wapi?"

Ulikuwa nyuma ya mlango, juu ya wangu. Katika mji huu, mlima wa moto ukianza kuwa mwekundu au risasi zikisikika karibu, hakuna mwenye nafasi ya kukunja nguo. Nyumba nyingi zina mfuko uliofungwa tayari. Nilikuwa nimeingia kwa watu wengi nikihesabu ndala zao, na mfuko wa mke wangu sikuuona kwa sababu nilipita mbele yake kila siku. Kasereka alimfundisha mkewe jambo ambalo mtu wa Goma humfundisha mgeni anayempenda, nami nikaliandika kuwa uongo.

Kesho yake nilimwendea Inspekta. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya.

"Inaweza kuwa kweli," alisema. "Lakini ukifuta ripoti yako leo, watasema wamekununua. Na zile zingine zote ulizoandika, tuzifungue nazo?"

Nilirudi kitini pangu. Nilikuwa na jina zuri pale ofisini, nikaogopa kulipoteza. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Kasereka alikuja kila Jumatatu aliyokuwa mjini. Alikaa kwenye benchi, kofia magotini, akingoja niinue kichwa. "Shefu, waliona nini kwangu?" aliniuliza mara moja. "Waniambie tu, nitatengeneza." Nilimjibu kwamba dosye bado inasomwa. Nilimjibu hivyo kwa karibu mwaka mzima.

Mwishowe nikawa sipati usingizi. Nikaandika ripoti ya nyongeza, kurasa mbili, nikaeleza habari ya mfuko. Inspekta aliisoma akinywa chai, akasaini kabla kikombe hakijaisha. Hakuna aliyesema nimenunuliwa.

Nilipeleka visa mwenyewe Mapendo. Nilimkuta Kasereka akifunga godoro kwenye lori. Nikamwambia yote, na kwamba aliyeandika ni mimi. Aliikunja ile karatasi, akanirudishia.

"Bibi yangu amezaa kule Kasese," alisema. "Hataki tena kuya huku. Anasema aliingia mu nyumba ya bwana yake, wakamuita mwongo. Njo maana mimi naenda. Sasa mugeni ni mimi."

"Na dosye yako kule?"

"Nimeshafungua. Sijue kama na wao watakuya kuangalia nyumba." Alikaza fundo la mwisho. "Nguo yangu nitatundika yote, shefu. Hata ya baridi."

Hakunitukana. Ningependa anitukane.

Nilistaafu kwa hotuba fupi na saa ya ukutani. Mama Vumilia alifariki mwaka uliofuata, na binti yetu Vumilia ameolewa mbali. Naishi mtaa wa Katindo, peke yangu, na upweke ni mbaya, asikudanganye mtu. Vijana wa ofisi hupita wakati mwingine kuniuliza namna ya kutambua ndoa ya kweli. Nawaambia wakiona kitu wasichokielewa waulize kwa nini, kisha wanyamaze wasikie jibu. Wanaandika kwenye simu zao na kuondoka.

Hawaoni kwamba ndala za mke wangu bado ziko mlangoni, na beseni lake liko mahali pake. Kama Inspekta angenituma kuchunguza nyumba hii, ningeandika kwamba humu wanaishi wawili, na ningesaini.

Mara ya mwisho tulipoambiwa tukimbie, nilibeba mifuko yote miwili, wangu begani, wake mkononi. Kwenye njia ya Sake mama mmoja aliniona nimelemewa, akaja kunipokea.

"Muzee, huu mwingine ni wa nani?" aliuliza. "Mama iko wapi?"

"Iko nyuma," nilimjibu. "Anakuya."