Maziwa Hayaoshi Mapafu

Mnaoniona nikipumzika katikati ya ngazi, msidhani ni uzee. Nilikuwa mtu wa miguu. Soko la Muthurwa wananijua: nanunua cheni za fedha zilizokatika, pete zilizopinda, vijiko vya harusi za watu walioachana. Napima, napima tena, ndipo nabishana bei. Lakini kila nikimpelekea sonara, anageuza cheni mara moja tu: "Hii imechanganywa na shaba, kaka." Bei inaanguka pale pale mbele yangu.

Nikachoka. Kwenye video nikaona mtu akiyeyusha fedha kwa asidi na kuitoa safi kabisa. Asidi ya dukani walitaka karatasi za kibali ambazo sina, basi nikajitengenezea. Namna nilivyoitengeneza siisemi, mtanisamehe. Yule wa video alikuwa uwanjani, kwenye upepo. Mimi nilikuwa jikoni kwetu, mtaa wa Lucky Summer, na dirisha nikalifunga, kwa sababu msimamizi wa ploti, hizi nyumba tunazopanga, alikuwa ameapa kwamba akinusa kitu tena, nihame.

Nikatia cheni. Asidi ikageuka buluu, nikafurahi kama mjinga. Kisha ukapanda moshi wa kahawia, mzito, nami nikainama kuutazama vizuri. Koo likawaka, macho yakatiririka, nikakohoa mpaka nikashika ukuta.

Mzee Wafula wa mlango wa pili, aliyezeekea kwenye kiwanda cha betri, akasikia kikohozi na harufu, akaja na pakiti ya maziwa.

"Kunywa, kijana. Kiwandani moshi ukituingia tulikuwa tunapewa hii. Niangalie mimi, si nipo?"

Nikanywa. Kikohozi kikatulia. Nikaufunga mlango wa jiko, nikala chakula cha mchana, nikaosha vyombo nje, na mke wangu Nekesa aliporudi kazini nikamwambia nilipaliwa na pilipili.

Jioni kifua kikabana. Kila pumzi ilitoa sauti kama uji unaotokota. Nikatema povu la rangi ya waridi, na hapo ikabidi niseme ukweli.

"Twende hospitali," Nekesa akasema.

"Nipe nusu saa."

"Sikupi."

"Basi niongeze maziwa kidogo."

"Baba Sheila, midomo imekuwa ya buluu! Inuka!"

Hospitalini daktari, dada mdogo kuliko mimi, akauliza nimevuta nini.

"Moshi kidogo tu, daktari."

"Kidogo kwa kipimo cha nani?"

Nikaeleza yote kwa vipande, kisha nikaongeza, "Na maziwa nilikunywa," kama mtu anayeonyesha risiti.

"Maziwa yalienda tumboni," akasema. "Moshi ulienda kwenye mapafu. Saa hizo zote ulizojiona mzima ulikuwa unaungua ndani. Sasa mapafu yamejaa maji."

"Basi nidunge sindano niende nyumbani."

"Ukienda nyumbani leo, watakurudisha wamekufunika."

Nililala nimeketi, barakoa ya oksijeni ikinikata pua. Hasira niliyokuwa nayo! Fikirieni mtu wa kubishana bei asiyeweza kumaliza sentensi. Watu wa kanisa walikuja kuniombea. Wao wakifika amina, mimi bado natafuta hewa ya kuitikia. Niliporuhusiwa nikadhani yamekwisha. Wiki chache baadaye kifua kikabana upya, nikarudishwa kwenye kitanda kile kile. Daktari akasema moshi huu una tabia hiyo: unaondoka, halafu unarudi kuangalia kama umemaliza kazi. Dawa zikaongezwa, na polepole, polepole ya kuudhi, hewa ikaanza kufika chini.

Namshukuru Mungu, wauguzi, na Nekesa aliyenikatalia nusu saa. Mzee Wafula simlaumu. Alinipa alichopewa yeye. Kinachonichosha ni kwamba kila nikimaliza ushuhuda huu, kuna mtu ananivuta kando: "Na ile fedha, ilitoka safi?" Ndugu zangu, sijui. Sikurudi kuangalia.

Ninachojua ni hiki. Ukivuta moshi wa namna ile, toka nje, kisha nenda hospitali ukiwa bado unacheka, na uwaambie bila kuficha moshi ulitoka kwenye nini. Usingoje uonekane mgonjwa. Mimi nilingoja, na siku hizi binti yangu Sheila akitaka tukimbizane hadi getini, namwambia atangulie.

Anatangulia. Wiki hii, nimefika akiwa bado hajachoka kunisubiri.