Shikamoo kwenye maikrofoni

Sijamwambia mtu yeyote: tangu nimalize kidato cha nne, naimba na bendi ya mgahawa mmoja kando ya soko, hapa Kilosa mjini. Mimi huyu huyu niliyeogopa hata kujibu swali darasani.

Mwenyekiti wa mtaa alishatuonya: malalamiko ya kelele yakija tena, muziki basi.

Leo mchana, katikati ya wimbo, akaingia mzee wa nyumba ya jirani. Msuli wa kulalia bado kiunoni, uso umekunjamana.

Nilipomwona tu, mdomo ukatangulia.

"Shikamoo babu!"

Kwenye maikrofoni, jamani. Soko zima likasikia.

Bendi ikanyamaza. Sasa mzee ataanzaje kufoka kabla hajaitikia?

"Marahaba, mjukuu wangu."

Watu wakaangua kicheko. Muuza nyanya akapaza sauti, "Na sisi wengine hatuamkiwi?"

Mzee naye akacheka. "Haya, imbeni. Ila hiyo spika igeuzeni, isitazame dirisha langu."

Tukaigeuza mbio mbio!

Mngekuwa nyie mngefanyaje? Niambieni. Ila mama yangu yuko Dumila anauza vitunguu, na anajua mchana huwa niko kwaya. Tafadhali, asisikie kwenu.