Shangazi Auza Nyumba ya Ng'ambo

Nyumbani wananiita Wakili. Sikusoma sheria hata siku moja. Ni mdomo tu. Ndiyo maana shangazi alipotangaza kwamba anauza nyumba yake ya ng'ambo ili akaishi ndani ya gari, baba hakuhangaika kuitisha kikao. Alinitazama, akasema, "Panda ndege. Kamzuie dada yangu kabla hajatia sahihi."

Nilipanda nikiwa nimefura. Shangazi ni fundi wa mapazia. Alikwenda ng'ambo akiwa msichana, akashona katika chumba cha chini cha duka la watu mpaka macho yakachoka, akanunua nyumba kwa jasho lake. Hakuna aliyemsaidia hata kwa msumari. Baba hajawahi kufika huko, lakini kila mgeni aliyekuja kwetu alisimuliwa vyumba vyake kabla hajapewa maji. Sasa mtu mzima, kichwa kimejaa mvi, eti anataka kuwa mtu wa barabarani! Nilijisemea huyu kapungukiwa, na maneno ya kumrudisha nilikuwa nayo tele.

Alinipokea mlangoni akicheka, akanikumbatia mpaka mbavu zikalia.

"Karibu, Wakili. Umekuja na kesi gani?"

"Kesi ya nyumba, shangazi. Na sicheki."

"Basi ingia umwone mshitakiwa."

Nilipoingia, hotuba yangu ikaanza kulegea. Zulia la sebuleni lilikuwa na alama za miguu ya makochi yasiyokuwepo. Jikoni palibaki birika na vikombe viwili. Madirisha yalikuwa matupu, nyumba ya fundi wa mapazia! Ghorofani nilikuta godoro limefungwa nailoni.

"Shangazi, kwani unalala wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Uani lilisimama gari jeupe la mizigo, limetobolewa dirisha ubavuni.

"Mle. Tangu majani ya miti yalipoanza kudondoka. Humu nakuja kuoga tu."

Nikamuuliza kwa nini mtu ajitese hivyo uani kwake mwenyewe. Akaketi kwenye ngazi, akanivuta nikae.

"Pazia zito hulipindi pindo siku unayolikata, mwanangu. Unalitundika kwanza, unaliacha. Kitambaa kina uzito wake, kinashuka polepole. Ukikimbilia kupinda, baadaye linaburura sakafuni, na mteja anakurudia kama nyuki. Na mimi nimejitundika mle. Baridi imepita, mvua imepita, mgongo umeuma ukaacha. Sijaitamani hata ngazi hii tuliyokalia. Nimeshashuka mpaka mwisho. Kesho asubuhi natia sahihi."

Hotuba yote niliyopanda nayo ndege nikaiacha pale ngazini. Mimi!

Tukatoka hadi uani, akanifungulia gari. Cherehani ilikazwa kwa skrubu juu ya meza ya kukunja. Chini ya kitanda yalilala majora ya vitambaa, na mkasi wake mkubwa ulikaa kwenye ala ya ngozi karibu na mto. Kila kitu kilikuwa mkono unapofika. Nilikaa kitandani nikashika mdomo. Nilistaajabu, nasema kweli. Mwanamke niliyemjua tangu napata akili alikuwa mbele yangu kama ndiyo kwanza namwona, na alikuwa mkubwa kuliko nyumba yake.

"Utakwenda wapi?"

"Kuna hoteli ya zamani milimani inataka mapazia ya vyumba vyote. Nikimaliza, atanihitaji mwingine, mji mwingine." Akapapasa cherehani. "Kule chini ya duka vilikuwa vinaletwa vipimo tu. Maisha yangu yote nimevisha madirisha ya watu, wala sijui hata moja lilitazama nini. Sasa nitapima mwenyewe."

Nikampigia baba, nikaweka sauti kubwa. Akaanza kufoka kabla hata ya salamu.

"Umemzuia?"

"Baba, nimeshindwa kesi. Ungekuwa hapa na wewe ungeshindwa."

Nilitarajia radi. Badala yake ikaja sauti ndogo, ambayo sikuwahi kuisikia kwa baba yangu.

"Mimi nikimkumbuka namwona jikoni kwake, au anashuka ngazi. Ndipo napata usingizi. Sasa nikimkumbuka, nitamweka wapi?"

Kumbe hakuwa analilia nyumba. Shangazi akaichukua simu mkononi mwangu, macho yamemjaa machozi.

"Kaka, miaka yote hii ulinipigia ukaniuliza kazi, ukaniuliza afya. Niko wapi hujaniuliza hata mara moja, maana ulijua. Sasa itabidi uniulize."

Nikamsikia baba akikohoa, akivuta kiti.

"Haya," akasema. "Uko wapi?"

Shangazi akafungua mlango wa gari, akachungulia nje, akaanza kumweleza.