Kilo Zangu Sitini na Tano

Haya, mmenibana vya kutosha, nitasema. Ila mtu asinikatize, maana aibu hii nimeikalia miaka mingi na nikikatizwa katikati sitapata tena moyo wa kuendelea. Na kabla hamjaanza kucheka, jueni kwamba aliyekosa ni mimi, si mizani, si daktari, si dawa. Mimi, Shija, na huu mwili wangu mnaouona.

Miaka ya themanini nilikuwa nesi kwenye hospitali moja ndogo huko Kishapu, upande wa Songwa. Manesi wanaume tulikuwa wachache, wagonjwa wakiona tu koti jeupe wanaita dokta, nami sikuwasahihisha (kasoro hiyo ilikuwa dalili, ila sikuisoma). Nilikuwa mwembamba kuliko hivi. Mkanda wa suruali nimeutoboa matundu mapya kwa msumari, na chini ya koti navaa mashati mawili, juani kwetu kule, mnalijua lile jua, ili mabega yapate umbo. Kwa Wasukuma kijana akitaka kuoa wanamtazama kwanza mwili: huyu jembe ataliweza, ng'ombe wa kulimia atawashika? Mimi walinitazama wakaniuliza kama nimepona.

Na nilikuwa nataka kuoa. Nilikuwa nataka kumuoa Kabula, binti wa pale mjini Mhunze, ambaye mpaka siku ya mkasa huu nilikuwa nimeongea naye mara tatu tu, zote kuhusu kaka yake.

Kaka yake ni Masanja, fundi cherehani pale sokoni Mhunze. Masanja alizaliwa na ugonjwa wa damu kutoganda. Wewe ukijikata unafunga kitambaa, kesho umesahau. Yeye anavuja siku tatu, na mbaya zaidi anavuja ndani kwa ndani, kwenye maungo, hata bila jeraha. Mjomba wake, ndugu wa mama, alikufa kwa kung'olewa jino tu. Basi Masanja alijichunga tangu utoto, akachagua kazi ya kukaa, lakini cherehani ya miguu haiendi bila goti, na siku hiyo aliteleza kwenye ngazi ya duka, goti la kulia likajaa damu likawa kama boga. Wakamleta kwa mkokoteni wa ng'ombe, mama yake upande huu, Kabula upande ule.

Bahati yake, dawa tulikuwa nayo. Daktari wetu, mama mmoja wa Bukoba, mpole, sauti yake hujawahi kuisikia ikipanda, sisi tulimwita Mama Daktari, aliwahi kumwandikia rafiki yake aliyesoma naye ng'ambo kuhusu Masanja, na yule rafiki akatuma boksi: vichupa kumi vya unga mweupe, unachanganywa na maji yake, unapigwa kwenye mshipa, damu inaganda. Vichupa kumi tu, na vingine havipo kuanzia hapo mpaka sijui wapi. Kila kimoja uniti mia mbili na hamsini, na kipimo kinakwenda kwa uzito: uniti ishirini kwa kila kilo ya mgonjwa. Ukizidisha umemwaga dhahabu, ukipunguza damu inaendelea kuvuja na goti linaharibika.

"Mpimeni uzito kwanza," akasema Mama Daktari.

Sasa Masanja hawezi kusimama. Mizani yetu ilikuwa ile ya kupanda kwa miguu, yenye vyuma vya kusogeza. Njia yetu ilikuwa moja: mtu anambeba mgonjwa, wanapimwa wote wawili, halafu unatoa kilo za mbebaji. Pale kulikuwa na mhudumu wa wodi, jibaba la haja, kifua kama mlango, ameshakunja mikono tayari. Nikamwangalia Kabula. Nikamwambia mhudumu, "Wewe acha, nitambeba mimi."

Wenzangu, nilimbeba. Sijui kwa nguvu gani. Miguu ilitetemeka mpaka kile chuma cha mizani hakitulii, kinacheza juu chini, jasho linatiririka ndani ya mashati mawili, na Masanja mwenyewe, na maumivu yote yale, ananinong'oneza sikioni, "Dokta, usiniangushe, nakuomba." Mwishowe chuma kikatulia. Mia moja na sita. Mhudumu akampokea Masanja mikononi mwangu kama anapokea mto.

"Na wewe, Shija, una kilo ngapi?" Mama Daktari akauliza, kalamu mkononi.

Mizani ilikuwa hapo, hatua moja. Ningepanda, nikajipima, ikaisha. Lakini Kabula alikuwa amesimama palepale na mama yake, nami nilikuwa nimetoka kubeba mwanaume mzima mbele yao. Nikasema, "Sitini na tano."

Mama Daktari alinitazama kidogo. Nadhani aliona aibu kunibishia mbele ya watu, au labda kumbeba Masanja kulimfanya aamini. Akaandika. Mia moja na sita ukitoa sitini na tano, arobaini na moja. Mara ishirini, mia nane na ishirini. "Vichupa vitatu," akasema, "tuvitunze vingine." Nami kwa mkono wangu nikaandika kwenye faili: Masanja, kilo 41. Mama Masanja akanipiga begani, akasema, "Kumbe una mwili wa ndani, ng'wana wane, mwanangu." Nilifurahi, siwadanganyi. Nilitembea wodi nzima kifua mbele.

Asubuhi goti halijashuka. Limeongezeka. Masanja amelala anatazama dari, meno ameyauma, maana yeye si mtu wa kulia. Mimi ndipo nikaanza kuhesabu kichwani, taratibu. Nilijua kilo zangu. Nilikuwa nimejipima wiki mbili kabla, mwenyewe, mlango nimefunga.

Mngekuwa nyinyi mngesema mara moja? Mimi nilitafuta njia ya pembeni. Nikamfuata Mama Daktari kwenye korido, nikasema kwa upole, "Mama, tukimwongeza kichupa kimoja tu?"

"Kwa hesabu ipi, Shija?"

"Basi tu, naona."

"Kuona si hesabu," akasema, akaingia wodini. Nikamfuata nyuma, bado sijasema.

Alilipima lile goti kwa utepe, akalishika, akakaa ukingoni mwa kitanda akafikiri muda mrefu. Kisha akamgeukia Mama Masanja akamweleza bila haraka, kama alivyozoea, kwamba kuna watu wachache ambao mwili wao unaikataa dawa hii, unapigana nayo, ukiwapa unakuwa umeimwaga bure. Kwa kuwa jana amepata kipimo chake kamili na goti limezidi, anaogopa Masanja ni mmoja wao. Vichupa saba vilivyobaki hatavitumia kwake. Watalifunga goti, watalipumzisha, wataomba Mungu.

"Na cherehani?" Masanja akauliza. Hilo tu.

Mama Daktari akakunja utepe wake. Mama Masanja alivuta kanga akajifunika mdomo. Kabula akawa analia kimyakimya huku anamshika kaka yake mguu ule mzima. Mimi nimesimama na trei yangu, nimebeba dawa ya mtu mkononi, na najua mwili wa Masanja haujakataa chochote, umepewa nusu shibe.

"Mama Daktari," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kuliko mimi. "Sina kilo sitini na tano."

"Unasemaje?"

"Jana nilidanganya. Kilo zangu."

Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda kumi na viwili na vyote vilinyamaza. Kuna mzee mmoja alikuwa anakohoa tangu Jumapili, naye akaacha. Mama Daktari hakunifokea, na heri angenifokea. Alisema tu, "Leteni mizani hapa." Mhudumu akaileta, inakwaruza sakafu, kila aliyeweza kuketi akaketi atazame.

Nikapanda. Akaanza kusogeza chuma, akasita. "Jana ulivaa hivi hivi? Maana uliyovaa yalikuwemo kwenye ile mia moja na sita."

Sasa hapo nifanyeje? Nilishaapa moyoni kwamba uongo umekwisha. Nikasema, "Hapana, mama. Jana nilivaa mashati mawili. Leo nimevaa matatu." (Kwa sababu ya kusifiwa, jamani. Nilikuwa nimeongeza.)

"Basi vua moja."

Nikavua koti, nikavua shati moja, nikarudisha koti, mbele ya vitanda kumi na viwili, mbele ya mama mkwe niliyemtaka. Kuna sauti ikasema nyuma, "Mayo wane, mama yangu, anamenywa kama kitunguu!" wakacheka mpaka yule mzee akarudiwa na kikohozi. Chuma kikatulia. Mhudumu, ambaye hakuombwa, akatangaza kwa sauti ya mnadani: "Hamsini na moja!"

Mama Daktari alishafika kwenye karatasi. Hamsini na tano, ndizo kilo za Masanja. Mara ishirini, elfu moja na mia moja. "Ungepata vinne na zaidi," akamwambia Masanja. "Ulipata vitatu. Samahani sana." Samahani aliomba yeye! Akageuka kwangu, "Changanya vinne. Sasa hivi. Tutazungumza baadaye." Nikachanganya, nikizungusha kichupa polepole bila kukitikisa, kama alivyotufundisha, na mikono ilikuwa imara kuliko siku yoyote, maana hakukuwa na kitu kingine cha kuficha.

Jioni goti lilikuwa limeacha kujaa. Siku ya pili likaanza kushuka. Tulitumia vyote saba.

Kabula alinikuta nje nafua yale mashati. Nikamwambia najua hataki hata kuniona. Aliyatazama yale mashati, nikadhani anatafuta tusi. Akasema, "Kwani mimi ni karani wa pamba, nikupime kwa kilo?" Halafu uso ukabadilika, akasema, "Lakini ulimwacha kaka yangu alale na maumivu usiku mzima, na ulikuwa unajua." Nikainama nikaendelea kufua. Ilimchukua mwaka mzima kunisemesha tena vizuri, na mnamjua, ndiye huyo aliyewapikia.

Tangu hapo sitaji uzito wangu kwa mdomo, wala urefu, wala umri, wala nimekula mara ngapi. Kazini nikiulizwa lolote la mwili wa mtu, wangu au wa mgonjwa, nasema subiri, napima, ndipo naandika. Wauguzi vijana waliniona mzee msumbufu. Sawa.

Masanja alirudi sokoni. Alikaa hospitali wiki tatu, akatoka na fimbo, kisha bila fimbo, na cherehani anaiendesha kwa mguu wa kushoto, amejifundisha upya. Goti la kulia halikunji lote. Mama Daktari aliniambia, tukiwa wawili ofisini, kwamba damu ikikaa siku nzima ya ziada ndani ya goti inalila, na ile siku nzima sote tunajua ilitoka wapi. Masanja hajawahi kunitajia. Ananiita shemeji, ananitania, watoto wangu anawashonea sare za shule.

Atafika hapa baada ya kitambo, ameshatuma salamu. Akiingia msimpe kigoda wala mkeka, kwa mguu ule hawezi. Mpeni hiki kiti changu kirefu, mimi nitakaa chini.