Ndoano Mbili

Mafunzo yalifanyika Kwamndolwa, kwenye nguzo ndefu zilizosimikwa uwanjani. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumepata kibarua cha kupaka rangi minara ya simu, na bila mafunzo hayo hupandi. Mkufunzi alituvika mikanda yenye ndoano mbili, akarudia neno lake mpaka tukamwita kasuku kwa siri: ukihamisha moja, nyingine iwe imeshika chuma.

"Hata mbingu zianguke, usizitoe zote mbili!"

Mdogo wangu aliwashinda wote. Angeshindwaje? Sisi ni watoto wa mrina asali wa Handeni. Ila kwa baba kamba ni ya kupandia tu. Nyuki wakichachamaa, tupa kamba, kumbatia shina, teleza. Ukibaki umefungwa, wanakumaliza. Samaki mkunje angali mbichi, naye alitukunja mapema sana.

Siku ya mnara wa Kwashemshi zamu ya kupanda ilikuwa ya mdogo wangu. Mimi nilibaki chini, nimeshika kamba ya kuvutia ndoo ya rangi. Hakuna aliyejua kwamba nyuki walikuwa wamehamia huko juu, ndani ya boksi la chuma. Nilisikia ukelele wake, kisha nikaona mkono unakwenda kwenye ndoano.

"Usitoe! Mdogo wangu, usitoe!"

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ndoano ya kwanza ikaning'inia, ya pili ikafuata. Akakumbatia chuma kwa mikono na miguu, vilevile kama kwetu, akateleza. Chuma hakina magome. Mimi nilikuwa bado nimeikamata kamba ya ndoo, na sijawahi kujiona bure namna ile.

Baada ya maziko baba aliniita nyuma ya nyumba.

"Nyuki walimkuta kafungwa?"

"Ndiyo, baba."

"Akaitoa kamba?"

"Aliitoa."

Mzee akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Kumbe alikumbuka."

Ningemwambiaje kwamba angesahau, tungemshusha amevimba uso tu, na leo tungekuwa tunamcheka?

Mpaka sasa, kila anayekuja kutupa pole, baba humsimulia: mwanangu hakufa kizembe, alikumbuka nilichomfundisha. Kisha hunigeukia mimi niliyekuwepo.

"Si ndivyo?"

"Ndivyo, baba."