Jina Alilolitoa Raihana

Hapa mtaani Jabe hakuna mwenye akili kama Raihana, na mpaka leo akinipita barabarani damu yangu inachemka. Alikuwa akiwaandikia programu watafiti wa magonjwa. Walikuwa wamechora watu wa mji kwenye ramani ya tabaka tatu: nani anampigia nani simu, nani anamuuzia nani sokoni, nani anaishi na nani. Programu yake ilipitia mistari yote inayounganisha watu, ikaacha ile inayobaki ndani ya tabaka moja, ikatoa ile tu inayovuka, kwa mfano kutoka namba ya simu hadi meza ya mtu sokoni, ikifuata jina lililosajiliwa kwenye laini. Alinieleza tukila maandazi, na mimi muuza misumari nikaelewa.

Mwezi wa saba duka la mjomba wake Radjabu lilichomwa moto, na mlinzi wa maduka yetu, Jérémie, akafia ndani. Siku moja kabla, mtu alikuwa amempigia Radjabu simu kumtishia. Radjabu akampelekea Raihana ile namba, akalia mbele yake, akamkumbusha nani alimlea. Raihana alijua ni marufuku kutafuta mtu kwa data za watafiti, ila aliiendesha programu. Kwenye namba ile ukatoka mstari mmoja tu, mpaka kwa Amissi, fundi wa kuchomelea milango.

Tulikwenda kama watu kumi. Mimi nilibeba nondo. Hatukumuuliza kitu. Radjabu alimpiga mgongoni, Amissi akaanguka juu ya chuma cha moto, na ngozi ya shavu lake ikabaki pale. Nikampiga nondo kwenye goti. Nilisikia likivunjika, na Mungu anisamehe, nilipiga tena na tena.

Raihana alikuja mbio bila viatu. Nyumbani simu yake ilikuwa imepokea ujumbe unaomwita Khadidja, jina la shangazi yake, kwa kuwa shangazi ndiye aliyemsajilia laini. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Mwenye kitambulisho huku kwetu anawasajilia wenzake, na Amissi alikuwa amewasajilia wapangaji watano. Akajitupa juu yake, nondo yangu ikamvunja mkono.

“Mumuache,” alisema. “Jina ni mi nilitoa, na si yeye. Kama munataka kupiga mutu, munipige mi.”

Wengine walimpiga kweli.

Amissi alifariki siku ya tatu. Mke wake anasema kabla ya kukata roho alimtajia Raihana mtu aliyekuwa akiitumia laini ile. Radjabu amekwenda kumuuliza Raihana mara mbili. Anajibu kwamba hakusikia.

Wiki iliyopita nilikwenda mimi mwenyewe, nikiwa na hasira. Nilimwambia kwamba kwa kunyamaza kwake aliyemuua Jérémie anatembea mjini kama kawaida.

Alinitazama, mkono wake ukiwa umepinda.

“Na mwenye aliua Amissi pia anatembea,” akasema.