Mlango Usioachiwa Nafasi ya Mvua

Mume wangu ni ofisa usalama. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji aanze kucheka mapema, maana mimi nimecheka peke yangu vya kutosha.

Anafanya kazi kwa mkandarasi mmoja wa migodini huko Geita, wiki mbili kazini, wiki moja nyumbani kwetu Ngokolo, Shinyanga. Ile wiki ya nyumbani ndiyo yenye shughuli. Wanaume wengine wakitoka mgodini huleta samaki, au maneno matamu, au magonjwa. Wangu huleta vibandiko. Friji lina kibandiko cha tahadhari ya umeme. Bafuni kuna mtu mweusi anayeteleza kwenye pembetatu ya njano. Asubuhi, kabla sijamimina chai, hutusimamisha sebuleni mimi na watoto kwa kikao cha usalama cha dakika tano, kana kwamba tunajiandaa kushuka shimoni, wakati mimi nashuka jikoni tu. Ukutani, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi, ametundika mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Picha yetu ya harusi iko nyuma ya kabati.

Na mbele ya nyumba, chini ya mwarobaini, amechimbia ubao wa kijani wenye maandishi meupe: MAHALI PA KUKUSANYIKA. Siku ya kwanza majirani walipouona walikuja kuuliza nani amefariki.

Lakini habari ya milango niliianzisha mimi, na sitamsingizia mtu. Anayekaa Shinyanga mwezi wa nane anajua. Kufika saa nne asubuhi upepo umeshaamka, kisulisuli kinacheza barabarani na mifuko ya watu, na vumbi linaingia chini ya mlango, pembeni ya mlango, kwenye tundu la funguo. Unafuta meza, unageuka kuweka kitambaa, ukirudi unaweza kuandika jina lako. Na mwaka ule nilikuwa nimenunua makochi ya rangi ya maziwa. Rangi ya maziwa, Shinyanga! Mtu mwenye akili zake angenunua makochi ya rangi ya vumbi akapumzika. Mimi nilitaka wanawake wa jumuiya wakae, waone, waumie kidogo moyoni kisha tusali.

Basi nikamlilia mume wangu. Akapima milango yote miwili, wa mbele na wa nyuma, akaandika kwenye karatasi, kisha tukamwita fundi seremala, jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye ndiye aliyeifunga milango ile. Fundi huyu kabla ya useremala alikuwa mchimbaji mdogo, wa zile duara, mashimo ya kushuka kwa kamba, na kwa sababu hiyo mume wangu humtazama kama daktari anavyomtazama mganga wa kienyeji.

Fundi alipitisha kidole kwenye mwanya wa mlango wa nyuma, akatikisa kichwa.

"Mama, hii ni mbao ya paina. Sasa hivi imekauka, imesinyaa, ndiyo maana unaona mwanya. Mvua zikija inanenepa. Pembeni msizibe, iachieni nafasi ya mvua. Chini nitawapigia brashi, inafagia vumbi na inakwenda na mlango. Vumbi kidogo litaingia, lakini mlango utafunguka."

"Vumbi kidogo?" nikauliza, nikiyaangalia makochi yangu.

"Fundi," mume wangu akasema, "wewe si ulikuwa unashuka duarani bila hata helmeti? Leo unanifundisha usalama?"

"Ndiyo, mzee. Ndiyo maana nilikuwa naangalia sana pa kutokea."

Mume wangu alicheka, akamlipa soda, akaifanya kazi mwenyewe. Alichana godoro la zamani, akakata vipande virefu vya sponji, akavishindilia kwenye fremu. Chini akapigilia mpira wa tyubu ya baiskeli. Madirishani akapaka silikoni nyuma ya nondo. Alipomaliza, mlango wa nyuma ulikuwa haufunguki mpaka uunyanyue kidogo, uusukume kwa bega na umtaje Mungu. Kisha, kwa mkono ule ule, akaubandika kibandiko cha kijani chenye mtu anayekimbia: NJIA YA DHARURA. Akarudi nyuma hatua mbili, akautazama, akaridhika. Nyani haoni kundule.

Na mimi niliridhika kuliko yeye. Vumbi lilikoma. Nilikuwa nafuta meza mara moja kwa siku na kuwasimulia watu.

Asiyeridhika alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa ametoka kijijini Samuye kuja kutibiwa macho, tukampa chumba cha nyuma, pembeni ya mlango ule. Alikuwa na tabia moja: kila jioni, kabla ya kwenda kulala, aliusukuma mlango kwa nyonga. Si kwa mkono, kwa nyonga. Puu. Ukifunguka, anaufunga, anakwenda kulala. Kwenye nyumba yoyote aliyolala maishani mwake alifanya hivyo, hata hospitali. Kwetu ilimbidi apige nyonga mara tatu, nne, huku akiguna.

"Mmenitia kwenye kihenge kama mtama," alisema. "Bado kunisiliba kinyesi cha ng'ombe."

Wiki haikuisha nikakuta vipande vya mpira na sponji sakafuni. Alikuwa anavikata kwa kisu changu cha kumenyea viazi, kidogo kidogo, kila siku. Nilimuuliza kwa adabu, ile adabu ya mkwe ambayo ndani yake kuna pilipili.

"Mayu, mama yangu, shikamoo. Huu mpira una kosa gani?"

"Marahaba. Mkamwana, mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya nyasi. Iliungua nikiwa mdogo. Mlango ulikuwa wa mabua, baba akaupiga teke, tukatoka wote mpaka mbuzi. Huu wa kwenu nani ataupiga teke?"

"Hapa ni mjini, Mayu. Nyumba za mjini ni za bati na tofali, haziungui hovyo."

"Gete?" akasema. Kwa Kisukuma hiyo ni "kweli?", lakini yeye alilitamka kama mtu anayetema ganda la karanga.

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa kumi, vumbi bado lipo, na Alhamisi jumuiya ilikuwa inasali kwangu. Kutoka kwenye ule mlango aliouchokonoa, vumbi lilikuwa limeshatandika ukumbi mzima mpaka sebuleni. Mume wangu alikuwa Geita. Nilichukua nyundo. Nikachukua mpira mpya, mpana, nikaupigilia kwa ndani, upande mmoja kwenye ubao wa mlango, upande wa pili kwenye fremu. Nilijiambia mlango wenyewe hautumiki. Misumari kumi na minne. Naijua idadi kwa sababu niliihesabu nikiitoa kwenye pakiti, na kwa sababu nyingine nitakayoisema.

Mama mkwe alisimama mlangoni kwake akinitazama nikipigilia. Jioni hakupiga nyonga. Akawa anatoka kwa mlango wa mbele kama wageni. Na mimi, Mungu anisamehe, niliona nimeshinda. Mume wangu aliporudi aliuona mpira, akadhani ni ule wake.

Mvua za kwanza zilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne likatoka jua, mume wangu akiwa kwenye zamu yake ya nyumbani, nikaanika michembe yangu kwenye turubai mbele ya nyumba, maana viazi vile vikavu vilikuwa vimeanza kunuka unyevu. Mchana, watoto wakiwa shuleni na mama mkwe akiwa amejilaza, umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika, ukarudi. Mara manyunyu. Nikamwita mume wangu tukusanye michembe. Tulikuwa tumeinama, kila mmoja na pembe yake ya turubai, tukigombana juu ya nani anavuta vibaya, niliposikia harufu ya plastiki. Ile ekstensheni nyuma ya kochi, yenye plagi nne, ilikuwa imeshika moto, na makochi yangu ya rangi ya maziwa, ambayo ndani ni sponji tupu, yakaupokea kama mgeni waliyemngoja. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na sebule nzima ilikuwa moshi mweusi. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa mle ndani, umetundikwa vizuri, juu ya kochi linalowaka.

Mume wangu alifanya alivyofundishwa. Hakukimbia hovyo. Alinishika mkono akanivuta mpaka chini ya mwarobaini, penye ubao, akapaza sauti: "Tulia! Tuhesabiane!"

Akajigusa kifuani. "Mmoja."

Akaninyooshea kidole. "Wawili."

Kidole kikabaki hewani. Nimeona sura nyingi za mume wangu, ya kulewa, ya kufiwa, ya kunidanganya. Ile sijawahi kuiona tena na sitaki.

Tulizunguka mbio kwenda nyuma. Kabla hatujafika nilisikia. Puu. Kimya. Puu. Nyonga. Mume wangu akashika kitasa akavuta kwa nguvu zake zote, kitasa kikamtoka mkononi, akaanguka nacho kwenye tope. Akainuka akakwangua ukingo wa mlango kwa kucha, analia, "Mayu! Mayu!" Nami nilikuwa natazama kando ya mlango nikitafuta moshi ili nijue umefika wapi. Hakukuwa na moshi. Paina ilikuwa imenenepa, sponji imejaa, mpira umebana, hata moshi haukupata pa kupita. Kazi yetu ilikuwa safi kabisa.

Kisha ile puu ikakoma.

Fundi aliruka ukuta akiwa na sururu yake ya zamani, ile ya duarani. "Sogeeni," akasema, "huu ni mwamba laini." Akapiga upande wa bawaba, mara nne, mlango ukapasuka juu hadi chini na kile kibandiko cha mtu anayekimbia kikakatika katikati. Mama mkwe alitutokea kwa magoti, uso mweusi, kamasi nyeusi, kisu changu cha kumenyea viazi mkononi.

Alinusurika. Naliandika mapema ili nisijifanye nasimulia hadithi ya kutisha. Majirani walizima moto kwa ndoo, maji ya tangi na maji ya mvua. Sebule iliungua, dari ikaanguka, makochi yakabaki vyuma. Askari wa zimamoto alipokagua aliokota nusu ya kibandiko, akaisoma, akamtazama mume wangu aliyekuwa bado amevaa fulana ya kazini yenye maneno USALAMA KWANZA. "Njia ya dharura kwenda wapi, mzee?" akauliza. Alikuwa kijana mpole, nadhani alitaka kujua kweli.

Mama alilazwa siku tisa. Kifua chake hakikurudi kama zamani. Mpaka leo akiongea sana sauti inakatika. Siku ya tatu mume wangu alikwenda kutafuta dawa, tukabaki wawili. Mama akafungua fundo la pindo la kanga, ile kanga aliyotoka nayo motoni, akanishika mkono, akanimwagia kitu kiganjani.

Misumari sita, kati ya ile kumi na minne.

"Mingine ilinishinda," akasema. "Moshi ulikuwa mwingi."

Nilipiga magoti pale sakafuni mpaka muuguzi akaniuliza kama naumwa.

Sasa milango yetu yote ni ya fundi. Imepigwa randa, ina mwanya unaoingia kidole, chini ina brashi, ukiwa ndani inafunguka kuelekea nje bila funguo, na wa nyuma mtoto anaweza kuusukuma. Vumbi linaingia. Makochi ni ya rangi ya vumbi. Mume wangu hutoa mafunzo juu ya jambo hili huko kazini, tena naambiwa anatoa vizuri, ana picha na michoro: jinsi paina inavyonyonya unyevu, kwa nini sponji la godoro ni adui, kwa nini mlango lazima uachiwe nafasi ya mvua. Amelieleza vizuri kila kosa analolijua.

Mwaka jana mtoto wetu wa mwisho alipata kipaimara, tukamleta Mama kutoka Samuye. Alifika, akasalimiwa na ukoo mzima, akaketi chini ya mwarobaini. Mume wangu akaenda kumbembeleza.

"Mama, ingia ndani. Mlango umebadilishwa. Njoo uupime mwenyewe."

Akautazama ule ubao wa kijani juu ya kichwa chake, ambao hakuna aliyepata moyo wa kuung'oa.

"Chakula nileteeni hapa," akasema kwa ile sauti ya kukatika. "Mimi nimeshakusanyika."

Wageni walicheka sana, na mume wangu akacheka nao, akaanza kuwaeleza habari ya paina na mvua. Nilimpelekea Mama sahani. Mwanawe alikuwa anasema, mkono hewani, "Tatizo lilikuwa mbao kuvimba, hilo tu," naye Mama akaninyooshea macho yake yale mabovu, akaipokea sahani, akaanza kula.

Misumari ile sita ninayo kwenye kopo la vifungo. Mume wangu hajawahi kuniuliza, kwa sababu hajui cha kuuliza, na mama yake hajamwambia. Basi namwambia mimi hapa, mbele za watu. Baba watoto, mbao zilivimba, ni kweli. Lakini ule mlango niliupigilia mimi.